Tangazo la serikali linaloeleweka kwa kusikia mara moja: mwongozo kamili kwa watendaji, makarani na maafisa habari

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani katika ofisi ya kata moja hapa Moshi mjini. Tangazo hili niliandika mimi, likapigwa chapa, likagongwa muhuri, likabandikwa ubaoni:

YAH: ZOEZI LA UTOAJI WA CHANJO DHIDI YA UGONJWA WA KICHAA CHA MBWA
Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Kwa mujibu wa maelekezo ya mamlaka husika, wamiliki wote wa mifugo jamii ya mbwa na paka mnajulishwa kuwa kutakuwepo na zoezi la utoaji wa chanjo litakalofanyika katika maeneo mbalimbali ya kata siku ya Jumamosi ya tarehe tajwa, majira ya asubuhi. Aidha, wamiliki wanatakiwa kuhakikisha uwepo wa mifugo yao katika maeneo hayo pasipo kukosa. Hatua kali za kisheria zitachukuliwa dhidi ya yeyote atakayebainika kukaidi agizo hili.

Jumamosi ilipofika, wa kwanza kutokea uwanjani alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi. Gari la matangazo lilikuwa limepita Njoro, naye akanasa neno moja tu, "chanjo". "Kaka," akaniuliza, "kwani chanjo yenyewe ni ya nani?" Nyuma yake akaja mzee akivuta mbuzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akataka kujua kama mbuzi wake aanze au asubiri wenye ng'ombe. Alikuwa amesomewa na mjukuu, "wamiliki wote wa mifugo", na yeye ana mifugo. Mbwa waliofika walikuwa wa kuhesabika.

Nitalifumua tangazo hilo hilo hapa, kipande kwa kipande, halafu nilishone upya. Ukishaweza hilo, barua ya maji, ya ardhi au ya ushuru wa soko haitakushinda.

Kwanza ujue nani anakusikiliza

Nimesema "anakusikiliza" makusudi. Ofisini tunaandika tukidhani tangazo litasomwa, lakini huku kwetu tangazo husomwa na mmoja likasikiwa na wengi. Katibu wa usharika analisoma baada ya ibada watu wakiwa wameshaanza kuchukua mikoba. Gari lenye spika linakatiza Pasua na Majengo kwa mwendo usiomngoja mtu amalize sentensi. Mwenyekiti wa mtaa analisoma mkutanoni. Kijana yuko mjini, anampigia simu bibi yake Kibosho na kumsomea. Msikilizaji hana uwezo wa kurudi mstari wa juu kuangalia "tajwa" ilitaja nini. Kwa hiyo kila ninachoshauri hapa chini nimekipima kwa sikio kwanza.

Hatua ya 1: Sema kabla hujaandika

Chukulia umemkuta mama anauza ndizi soko la Mbuyuni na unataka kumpa habari hii. Hutamwambia "husika na kichwa cha habari". Utamwambia: "Mama, Jumamosi lete mbwa wako shuleni achanjwe." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya tangazo lako. Iandike palepale kabla ofisi haijakurudia kichwani.

Chini yake jibu kwa ufupi: nani anahusika, afanye nini, lini, wapi, aje na nini, atalipa shilingi ngapi, na akikwama amwone nani. Usianze kupamba. Jibu tu.

Kama kuna swali ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake, weka kalamu chini na nenda kaulize. Nikiri jambo: niliandika "maeneo mbalimbali ya kata" kwa sababu siku ile vituo vilikuwa havijapangwa, na bosi alitaka tangazo litoke kabla ya saa sita. "Majira ya asubuhi" nayo ilitokana na hayo hayo. Tena angalia "tarehe tajwa": haikutajwa popote! Nimegundua kwamba lugha nzito mara nyingi ni pazia la ofisi ambayo haijaamua. Hakuna ufundi wa kuandika utakaoziba pengo hilo.

Hatua ya 2: Tupa sentensi ya kwanza uliyozoea

"Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu" na ndugu yake "tafadhali rejea somo tajwa hapo juu" havina kazi kwenye tangazo. Ni Kiingereza cha barua za kikoloni kilichovikwa kanzu. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2021 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na hilo limebomoa ukuta mmoja. Ukuta wa pili tunaujenga wenyewe kila tunapotafsiri neno kwa neno namna ofisi za Kiingereza zilivyokuwa zikiandika. Na wenye Kiingereza chao walikwisha kuichoka lugha hiyo: mwaka 1979 mama mmoja aitwaye Chrissie Maher alichanachana fomu za serikali hadharani mbele ya Bunge la Uingereza, na mwaka 2010 Marekani ikatunga sheria inayozitaka idara za serikali kuu kuandika kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa na anaweza kuitumia.

Kichwa kibebe kitu chenyewe, na kitu hicho kije mbele. Katika kichwa changu "mbwa" lilikuwa neno la mwisho kabisa. Aliyesikia nusu alisikia chanjo. Kichwa kingekuwa "MBWA NA PAKA KUCHANJWA JUMAMOSI", hata kama angenasa neno la kwanza pekee, mama wa Njoro asingehangaika kutafuta kadi ya kliniki.

Tahadhari moja. Barua inayoingia kwenye jalada ni kitu kingine. Kumb. Na., Yah na Nakala kwa viache, masjala inavihitaji ili barua ipatikane kesho. Fanya karatasi mbili: barua ya jalada kwa wakuu, na tangazo kwa wananchi. Kosa letu kubwa ni kupiga kopi ya barua ya jalada na kuibandika ubaoni.

Hatua ya 3: Rudisha kitenzi

Hapa nitakaa, maana ndipo penye kazi.

Kitenzi cha Kiswahili ni mzigo uliofungwa vizuri. "Mtalipa" ni neno moja, lakini limebeba nani (m-), lini (-ta-) na nini (-lipa). Ligeuze liwe "ulipaji" na mzigo unafunguka njiani: mlipaji kaanguka, wakati nao kaanguka. Sasa inabidi uokote vipande kimoja kimoja, ndipo tunapata "ulipaji wa ushuru kwa upande wa wafanyabiashara utafanyika katika kipindi cha". Maneno zaidi ya kumi kufidia yale ambayo "wafanyabiashara mtalipa ushuru" ingeyasema kwa matatu.

Fanya hivi. Chukua rasimu na kalamu nyekundu. Zungushia duara kila neno la aina ya utoaji, ulipaji, ufanyikaji, uwepo, ukatikaji, pamoja na malipo, zoezi na suala. Kwa kila duara uliza: nani anafanya? Ukishampata, mpe kitenzi chake.

"Kutakuwepo na zoezi la utoaji wa chanjo" inakuwa "tutachanja". "Kuhakikisha uwepo wa mifugo" inakuwa "lete mbwa". "Zoezi la usafi" ni usafi. Zoezi ni la mwanafunzi na la mwanajeshi. "Katika suala zima la ulinzi" ni ulinzi. Bado sijaonyeshwa suala nusu. Na "ili kuweza kufanikisha" ni "ili".

Kuna ujanja mwingine wa sarufi yetu ambao ofisi huupenda, nao ni kauli ya kutendeka. Maji "yatakatika". Fomu "imeharibika". Faili "halionekani". Kila aliyewahi kufuatilia kiwanja analijua faili hilo, linajificha lenyewe bila mtu kulificha. Sisemi kauli hiyo ifutwe, bomba likipasuka usiku maji yamekatika kweli. Lakini kama ofisi ndiyo inayokata, iseme: "Tutakata maji Jumanne kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Tunabadilisha bomba. Kinga maji Jumatatu jioni." Mtu akisikia "tutakata" anajua kuna mwenye ratiba, na anajua wa kumuuliza saa 11 ikipita. Huenda ndiyo maana hatulipendi.

"Achanjwe", "watapimwa", "atapewa cheti" ziko sawa. Kutendwa si dhambi ikiwa anayetenda anajulikana.

Hatua ya 4: Tumia neno ambalo mtu anali­tumia

Usiende na orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Nenda na swali: mtu huyu akija dirishani, anakiitaje kitu hiki?

Kwenye karatasi tunaandika "kumbukumbu namba ya malipo". Dirishani kila mtu anaomba "kontroo namba". Kama unataka jina rasmi libaki, yaweke yote mawili mara ya kwanza: "kumbukumbu namba ya malipo, yaani kontroo namba". Vivyo hivyo nakala na kopi, stakabadhi na risiti. "Mnyama jamii ya mbwa" ni mbwa. Na neno "mifugo" lina maana yake kwa mtu wa Kilimanjaro: ni ng'ombe wa bandani, mbuzi, kuku. Mbwa ni mlinzi wa nyumba, hahesabiwi humo. Mzee wangu wa mbuzi alikuwa sahihi kwa Kiswahili chake kuliko mimi kwa changu.

Neno geni si lazima liwe gumu. "Kishikwambi", yaani tableti, lilichekwa, ila makarani wa Sensa ya 2022 walipopita nyumba kwa nyumba navyo, watu wakakiona kitu na jina wakalishika. "Kikokotoo", yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, wastaafu walilijua haraka mwaka 2018, maana liligusa pensheni. Neno likija na kitu chake linaeleweka. Linalokwama ni lile linalokuja peke yake.

Hatari zaidi ni maneno yanayofanana. Mfano mzuri uko kwenye ardhi. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Tangazo likisema "wananchi wanakumbushwa kulipa kodi ya ardhi na majengo", mtu anajiambia, mimi nimeshakatwa, na anaendelea na shughuli zake. Pango la ardhi liko palepale, deni linapanda. Andika hivi: "Unaponunua umeme unakatwa kodi ya jengo. Pango la ardhi ni malipo mengine, ya kiwanja, na hayakatwi kwenye LUKU. Kama una hati, unalipa pango kila mwaka." Sentensi ni ndefu kuliko ya awali, na ni rahisi zaidi. Lugha rahisi si lazima iwe fupi. Anayekuambia ukate tu maneno hajawahi kukaa dirishani.

Maneno ya kisheria yenye nguvu yake usiyafute. "Pingamizi" libaki pingamizi, kwa sababu huko mbele ataulizwa kwa jina hilo. Lakini lieleze hapo hapo: "Kama hukubaliani na mipaka iliyopimwa, leta pingamizi, yaani barua inayosema unapinga nini na kwa nini."

Hatua ya 5: Tarehe, saa, mahali

Andika siku na tarehe pamoja, Jumamosi tarehe 27 Septemba. Akikosea moja, nyingine itamsahihisha.

Usiandike "ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo hili". Siku za kazi au za kalenda? Tangu lilipoandikwa au lilipobandikwa? Hesabu wewe, uandike jibu: "Mwisho ni Ijumaa tarehe 10 Oktoba, saa 9:30 alasiri." Saa iwe ya Kiswahili na iwe na asubuhi, mchana au alasiri yake. Ukiandika 15:00, kuna atakayekuja saa tisa na kuna atakayeduwaa.

Mahali pawe pale watu wanapopaita. Ramani ya mipango miji inaweza kuwa na jina la kitalu, ila watu wanajua shule, msikiti, kanisa, na duka la Mangi la kona.

Halafu jambo dogo linaloniudhi mpaka leo: muhuri. Tunaugonga juu ya tarehe. Nimeona matangazo ambayo kitu pekee kisichosomeka ni kile mtu alichokuja kukisoma. Gonga pembeni.

Hatua ya 6: Vitisho, heshima, na bosi

"Hatua kali za kisheria zitachukuliwa" imetumika kwa usafi, kwa michango na kwa mbuzi wanaozurura, hadi imeisha makali. Kama kuna sheria ndogo na kuna faini, itaje ni ipi na ni shilingi ngapi. Kama huijui, futa sentensi nzima, halafu weka sababu. Kwa mbwa sababu inatisha yenyewe: dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna haja ya kumtishia mtu na mahakama.

Lugha rahisi haina maana ya kukosa adabu. "Ndugu wakazi" inafaa, "tafadhali" inafaa. Lugha ya vijiweni haifai, na "jamani" iachie redio.

Sasa bosi. Rasimu yangu ya pili ilianza na "Lete mbwa wako". Aliikata kwa wino mwekundu akaandika pembeni, "Tumia lugha ya ofisi." Sikubishana, kubishana na wino mwekundu ni kupoteza siku. Niliomba dakika mbili, nikamwita mlinzi wa getini, nikamsomea tangazo la zamani na jipya kwa sauti, mbele ya bosi. Nikamwomba atuambie tena kila moja limesema nini. La kwanza alilieleza hivi: "Kuna chanjo, na asiyekuja atashitakiwa." La pili alilitoa lote, mpaka kamba ya kumfungia mbwa. Bosi akasaini. Njia hii nimeitumia tena mara nyingi, na inafanya kazi kwa sababu anayeshinda si wewe.

Hatua ya 7: Jaribu, lakini usiulize "umeelewa?"

Ukimuuliza mtu "umeelewa?", atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa heshima, kwa haya, au kwa sababu ana haraka ya kuwahi gari la Marangu. Ndiyo hiyo haina thamani.

Soma tangazo mara moja kwa mwendo wa kawaida, weka karatasi chini, kisha uliza: "Kwa hiyo mama, Jumamosi utafanyaje?" Sikiliza. Palipoachwa au kupindishwa ndipo penye kasoro ya maandishi. Jaribu kwa watu watatu ambao hawafanyi kazi ofisini kwako, na mmoja awe mzee ambaye Kiswahili alikikuta shuleni baada ya Kichagga cha nyumbani. Ukijikuta unaanza kufafanua, "hapa tulimaanisha...", hayo unayoyafafanua ndiyo ya kuandikwa.

Hatua ya 8: Lifikishe

Kwa gari na kwa ibada andika toleo fupi la sentensi tatu, na sentensi yenye siku na mahali isomwe mara mbili. Kwa WhatsApp tuma maandishi yenyewe. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa kupinda, kivuli cha simu kikiwa katikati, haikuzwi ikasomeka, na mjukuu hawezi kuinakili akamtumia bibi. Ubaoni herufi ziwe za kusomwa na aliyesimama hatua mbili nyuma.

Hivi ndivyo lilivyotoka:

MBWA NA PAKA KUCHANJWA JUMAMOSI
Ndugu wakazi, lete mbwa au paka wako achanjwe kichaa cha mbwa.
Siku: Jumamosi, tarehe 27 Septemba, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana.
Mahali: uwanja wa shule ya msingi, upande wa geti kubwa.
Chanjo ni bure. Tunachanja kuanzia umri wa miezi 3.
Mbwa mfunge kamba, aletwe na mtu mzima. Paka mlete kwenye kikapu au tenga lenye mfuniko.
Utapewa cheti. Kitunze, kitahitajika mbwa akimuuma mtu.
Kama mbwa wako hashikiki, mpigie afisa mifugo wa kata kabla ya Ijumaa. Namba yake iko hapa chini.
Ukiumwa na mbwa siku yoyote: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya chanjo kaa na daftari. Andika kila swali unaloulizwa, hata la kijinga, kwa sababu kila swali ni mstari uliokosekana. Langu siku ile lilijaa ukurasa mmoja tu, na nililoliwekea alama lilikuwa la mtoto wa miaka kama tisa aliyesimama mbali na foleni, na mbwa mwekundu asiye na kamba miguuni pake.

"Huyu si wetu," akasema. "Ananifuata tu nikienda shule. Na yeye anachanjwa?"

Tangazo lilisema "mbwa wako". Afisa mifugo alimchanja, na cheti tukaandika jina la mtoto. Mwaka uliofuata tukaongeza mstari: "Mbwa asiye na mwenyewe tuambie alipo, tutamfuata."